Orodha ya Kazi Tisa, au Nane: Kisa cha Madereva wa Maziwa wa Maine

Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, mfanyakazi anayevuka saa 40 kwa wiki anatakiwa kulipwa mara moja na nusu ya ujira wake kwa kila saa ya ziada. Ndivyo sheria ya jimbo inavyosema, kisha inaanza kutoa watu mmoja mmoja nje ya kinga hiyo, kama sheria nyingi za kazi zinavyofanya. Kifungu kimojawapo, ambacho mahakama ilikiita Msamaha F, kilikuwa kinawatoa wanaofanya kazi hizi:

"The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of…"

Baada ya hapo vinatajwa vitu vyenyewe: mazao ya shambani, bidhaa za nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika upesi. Kwa Kiswahili cha haraka haraka: kutia kwenye makopo, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafutia soko, kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Nimetafsiri haraka makusudi, na ukisoma tena sehemu ya mwisho utaona kwamba hata mimi sijasema kusambaza kumeshikamana na nini.

Mwaka 2014 madereva kadhaa wa Oakhurst Dairy, kampuni ya maziwa ya mjini Portland, walifungua shauri wakidai malipo ya saa za ziada kwa niaba yao na ya wenzao. Kazi yao ilikuwa kupeleka maziwa madukani. Maziwa ni chakula kinachoharibika upesi, hilo halikuwa na ubishi. Hawakuwa wakifungasha chochote, na hilo pia halikuwa na ubishi. Walikuwa wakisambaza. Kwa hiyo shauri zima, lililoitwa O'Connor dhidi ya Oakhurst Dairy, likaja kusimama juu ya swali ambalo mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha pili angeweza kuliandika ubaoni: neno "distribution" ni kazi inayojitegemea ndani ya orodha, au ni sehemu tu ya maelezo ya neno "packing"?

Likiwa linajitegemea, wanaosambaza wametolewa, na madereva hawana chao. Likiwa limefungwa kwenye "packing for", anayetolewa ni mfungashaji peke yake, awe anafungashia mzigo wa kusafirishwa au wa kusambazwa, na dereva anabaki ndani ya kinga ya sheria.

Mahakama ya kwanza ya shirikisho huko Maine ilikubaliana na kampuni. Madereva wakakata rufaa Boston, kwenye Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Kwanza, na tarehe 13 Machi 2017 hukumu ikageuka. Jaji David Barron, aliyeiandika, aliianza kwa sentensi iliyozunguka dunia: "For want of a comma, we have this case." Yaani shauri hili tunalo kwa sababu mkato mmoja haukuwepo. Magazeti yalichukua sentensi hiyo na kusahau kurasa zilizofuata. Tangu hapo kisa hiki kinasimuliwa kama ushindi wa ule mkato unaowekwa kabla ya "and" au "or" ya mwisho kwenye orodha, ambao Waingereza wameupa jina la Oxford kwa sababu ya utamaduni wa matbaa ya chuo kikuu hicho.

Mimi naona simulizi hiyo imeshika jambo dogo na kuacha kubwa. Mkato haukumpa mtu yeyote ushindi. Kutokuwepo kwake kuliacha mlango wazi, lakini aliyepita mlangoni alipita kwa sababu nyingine kabisa, na sababu hiyo ndiyo inayomhusu mtu anayeandika Kiingereza cha kila siku: jinsi orodha inavyojengwa.

Mazoea ya orodha kwa Kiingereza yanajulikana. Unataja vitu, unavitenga kwa mikato, na kabla ya cha mwisho unaweka "and" au "or" ili msomaji ajue sasa tunafunga. Rudi kwenye kifungu uhesabu ni "or" ngapi zimo kabla ya ile "of". Ni moja tu, kati ya "shipment" na "distribution". Hapa ndipo kampuni ilipokuwa na hoja yake nzito, nzito kuliko watu wengi wanavyoipa haki. Kama hiyo "or" moja inaunganisha "shipment" na "distribution" ndani ya maelezo ya ufungashaji, basi orodha kuu ya kazi nane haina kiunganishi chochote cha kuifunga. Inakwenda storing, packing, halafu inakatika. Mwandishi wa sheria aliyefundishwa kazi yake haachi orodha ikining'inia namna hiyo. Lakini "or" hiyo ikiwa ni ya orodha kuu, kila kitu kinakaa sawa: kazi ya nane ni kufungasha mzigo wa kusafirishwa, ya tisa ni kusambaza, na "or" inasimama kabla ya ya tisa kama ada.

Madereva walijibu kwamba orodha bila kiunganishi ipo katika Kiingereza. Ni kweli ipo, katika hotuba na mashairi. Kwetu wala si jambo la kushangaza: alifika, akaketi, akanywa chai, akaondoka, na hakuna aliyeuliza "na" iko wapi, kwa kuwa "-ka-" inafanya kazi yote. Ila katika lugha ya sheria ya Kiingereza mtindo huo ni nadra, na mahakama yenyewe haikuficha kwamba hapo hoja ya madereva ilikuwa dhaifu.

Halafu ndipo mkato unapoingia. Kama sheria ingeandikwa "packing for shipment, or distribution of", kusingekuwa na kesi: "distribution" ingekuwa imetengwa na madereva wangeshindwa asubuhi na mapema. Angalia vizuri nani angefaidika. Wanaosema mkato wa Oxford ungewaokoa wafanyakazi wamegeuza kisa chini juu, maana ungewazika. Kilichowafaa ni kutokuwepo kwake.

Je, kutokuwepo kwake kunathibitisha kwamba watunga sheria walikusudia kuviunganisha "shipment" na "distribution"? Hapana, na kampuni ilikuwa na jibu lililoandikwa na Bunge la Maine lenyewe. Mwongozo wa uandishi wa sheria wa jimbo hilo unawaelekeza waandishi wasiuweke mkato huo. Unataka iandikwe "trailers, semitrailers and pole trailers", bila mkato kabla ya "and". Kwa hiyo mwandishi hakusahau kitu, alifuata maagizo ya ofisi yake. Lakini mwongozo huohuo unatahadharisha pia kwamba kitu kimojawapo katika orodha kinapobeba maelezo yake peke yake, mwandishi awe mwangalifu. Na "packing" ndicho kitu pekee katika orodha hii chenye mkia: "for shipment". Vingine vyote ni neno moja moja. Kwa hiyo mwandishi alitii nusu ya mwongozo. Mkato peke yake haukuweza kuamua lolote, maana ukosefu wake ulieleweka kwa njia zote mbili.

Hoja iliyonivutia zaidi katika hukumu hii ni ya umbo la maneno, na sijui kwa nini haizungumzwi. Tazama miisho. Canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing: kila kazi inayotolewa imepewa umbo la "-ing", umbo ambalo Kiingereza hulitumia kugeuza kitenzi kiwe jina la tendo. Kisha ghafla yanakuja maneno mawili yasiyo na umbo hilo, "shipment" na "distribution", yamekaa jirani na yameunganishwa kwa "or". Madereva wakasema: sheria hii imevaa sare. Kila kazi imevaa "-ing". "Shipment" haina sare kwa kuwa si kazi inayoorodheshwa, ni lengo la kufungasha, na kila mtu anakubali hivyo. "Distribution" nayo haina sare hiyo, na imekaa bega kwa bega na "shipment". Kama bunge lilitaka kuitaja kuwa kazi ya tisa, lilishindwa nini kuandika "distributing"?

Walimu wa Kiingereza huita kanuni hii ulinganifu: vitu vyenye hadhi moja katika orodha vipewe umbo moja la kisarufi. Inafundishwa shuleni kama suala la urembo wa sentensi, useme "she likes reading, writing and swimming" wala si "she likes reading, writing and to swim". Wengi tunaishika siku ya mtihani kisha tunaiacha. Katika kesi hii haikuwa urembo. Ilikuwa ushahidi wa maana, kwa sababu msomaji wa Kiingereza, hata asiyejua jina la kanuni, huyapanga maneno kwa kufuata maumbo yake. Yanayofanana huyaweka kapu moja.

Kampuni ingeweza kujibu, na hapa nasema kwa hesabu yangu mwenyewe, kwamba kifungu kinaanza na "The canning" na kinaishia na "of". Ukishaweka "the" mbele na "of" nyuma, neno la "-ing" limeshaacha nusu ya ukitenzi wake na kuwa nomino karibu kamili, kwa hiyo kulipanga pamoja na "distribution" si kosa la kisarufi. Sentensi kama "the buying, storing and sale of grain" haimshtui msomaji wa Kiingereza. Kwa hiyo hoja ya umbo haifungi mlango kwa ufunguo. Inausukuma tu, lakini unasogea.

Kulikuwa na hoja ya tatu pia, ya maana ya maneno. Kampuni ilisema "shipment" na "distribution" ni kitu kilekile, na sheria haidhaniwi kurudia neno bila sababu, hivyo lazima moja liwe na kazi tofauti nje ya ufungashaji. Madereva wakajibu kwamba kusafirisha ni kumkabidhi mzigo mchukuzi wa nje aupeleke, na kusambaza ni muuzaji kuupeleka mwenyewe kwa wateja wake. Mfanyabiashara yeyote anayepeleka mzigo mikoani anaijua tofauti hiyo bila kufungua kamusi. Kuhusu lengo la msamaha wenyewe, pande zote zilidai kulijua, na mahakama ikaona kumbukumbu za bunge hazisaidii upande wowote.

Basi ikawa hivi: kiunganishi kilielekea kwa kampuni, maumbo ya maneno yakaelekea kwa madereva, mkato ukanyamaza. Mahakama haikusema madereva walikuwa na sarufi bora. Ilisema kifungu kina utata usiotatulika kwa kukisoma, na sheria za Maine zinaelekeza kwamba masharti ya ujira na saa za kazi yakiwa na utata yasomwe kwa upana unaotimiza kusudi lake la kumlinda mfanyakazi. Utata ukaenda kwa madereva. Sarufi iliwafikisha sare, na kanuni ya tafsiri ndiyo iliyofunga bao.

Nimekaa na hukumu hii kwa sababu orodha ya namna hii haiko kwenye sheria peke yake. Iko kwenye matangazo ya kazi, kwenye muhtasari wa vikao, kwenye mikataba ya upangaji ambayo huku kwetu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza hata mwenye nyumba na mpangaji wakiwa wanazungumza Kiswahili tangu salamu hadi kuagana. Tuseme mkataba unasema: "Tenants are responsible for sweeping, watering, locking the gate, collecting money for repairs or security." Siku wezi wakiingia, mwenye nyumba atasema mpangaji alikubali kubeba jukumu la ulinzi. Mpangaji atasema alikubali kukusanya pesa, za matengenezo au za ulinzi. Wote wana haki ya kusoma hivyo. Sentensi imerithi ugonjwa wa Maine wote: kitu cha mwisho kina mkia, "or" ni moja, na neno la mwisho halina "-ing".

Wengi wakionyeshwa sentensi hiyo hukimbilia kuweka mkato kabla ya "or". Dawa hiyo ni dhaifu. Kwanza, mkato ni kitu kidogo mno kubeba fedha za watu: huanguka wakati wa kunakili, na mhariri wa gazeti huufuta kwa mazoea, kwa kuwa magazeti mengi ya Kiingereza huwa hayautumii. Pili, mkato huohuo huzaa utata mahali pengine. Soma hii: "We invited my uncle, a pastor, and the headmaster." Walialikwa wangapi? Kama mjomba ndiye mchungaji, ni wawili. Kama ni watu tofauti, ni watatu. Ondoa mkato wa mwisho, uandike "my uncle, a pastor and the headmaster", na wengi watahesabu watatu. Hapa mkato wa Oxford ndiye mkorofi. Wanaoutetea kama dini na wanaoupinga kama dini wote nawaona wamechagua jambo dogo la kupigania.

Dawa yenye nguvu ni kugusa maneno. Kitu chenye mkia kitangulizwe au kipewe sentensi yake. Vitu vya hadhi moja vipewe umbo moja. Katika mkataba ule, kama ulinzi ni jukumu la mpangaji, iandikwe "guarding the compound" na iwekwe mbele, kisha ukusanyaji wa pesa ufuate ukiwa na "and" yake. Kama ni suala la pesa, iandikwe "collecting money for repairs and for security", kwa kurudia "for". Kurudia kihusishi kunaonekana kama uzito wa mkono, na walimu wengine wa insha hukikata kwa kalamu nyekundu. Kwenye mkataba mwache akikate yeye, wewe kirudishe.

Swali linalokuja kwa wasomaji wa Tanzania ni kama Kiswahili kingeangukia shimo lilelile, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilijaribu kukiandika kifungu kile upya kwa Kiswahili cha sheria na nikakwama mahali ambapo Mwingereza hakukwama. Kiingereza kimeweka kazi zote upande mmoja, kikaweka "of", kisha bidhaa zote upande wa pili. "Of" haiulizi inatumikia neno gani, na ndiyo maana mwandishi aliweza kukaa juu ya ukuta bila kuanguka upande wowote. Kwetu kitenzi kinataka yambwa yake karibu: kusindika mazao, kufungasha mazao. Ukitaka nomino, kiunganishi cha "-a" kinadai upatanisho: usambazaji wa mazao. Kwa hiyo mwandishi analazimika kuchagua. Akiandika "kufungasha mazao kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji", dereva yuko salama. Akiandika "kufungasha kwa ajili ya usafirishaji, au usambazaji wa mazao", dereva ametolewa, mkato uwepo au usiwepo. Sisemi Kiswahili hakina mitego yake. "Kwa" peke yake ina maana za kutosha kumlisha wakili mwaka mzima. Lakini mtego huu hasa, upatanisho wetu unautegua.

Hatari inarudi tunapotafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza, tukibeba mpangilio wa orodha pamoja na "of" yake, kama nilivyofanya mimi mwanzoni mwa makala hii kwa kuweka "ku-" kila mahali. "Kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza" imefuta hata ile tofauti ya "-ing" na nomino iliyowasaidia madereva.

Turudi Maine. Hukumu ya rufaa haikumaliza kesi, ilirudisha tu madai ya madereva mahakamani. Februari 2018 pande mbili zikafikia suluhu: kampuni ilipe dola milioni 5, na fedha hizo zigawiwe madereva 127. Wale watano walioongoza shauri kwa majina yao walipangiwa dola 50,000 kila mmoja. Kutamka fedha hizo zote kuwa bei ya mkato kunapendeza kwenye vichwa vya habari, lakini zilikuwa ujira wa saa za watu.

Wakati suluhu hiyo inafikiwa, Bunge la Maine lilikuwa limeshaifanyia kazi sentensi yake. Kifungu sasa kinasomeka: "The canning; processing; preserving; freezing; drying; marketing; storing; packing for shipment; or distributing of…" Wameacha mikato kabisa na kuweka nukta-mkato baada ya kila kazi, pamoja na kabla ya "or", jambo ambalo mwongozo wao kuhusu mkato ulikuwa unalikwepa. Na wamefanya la pili, ambalo kwangu ndilo linaloonyesha kwamba walisoma hukumu hadi mwisho wala hawakuishia sentensi ya kwanza: "distribution" imekuwa "distributing". Imevishwa sare. Marekebisho mojawapo tu kati ya hayo mawili yangetosha.

Maana yake kwa dereva wa leo ni kwamba sentensi imenyooka kwa hasara yake. Usambazaji wa vyakula vinavyoharibika upesi sasa ni kazi ya tisa bila shaka yoyote, na anayeufanya hawezi tena kukitumia kifungu hicho kudai saa za ziada kama walivyofanya wale wa Oakhurst.